Mwimo wa Mlango

Nyumba hii tumeijenga mara tatu.
Mwimo ni uleule,
mringaringa alioushusha baba mkwe kutoka Uru
kwa mkokoteni wa punda, akasema:
udongo utayeyuka, mti utabaki.
Udongo uliyeyuka.

Upande wa kushoto ni watoto.
Chale ya kisu, herufi ya jina.
A ya Anaeli, wiki alipong'oka jino.
N ya Nakunda, aliyenyanyua visigino
akidhani sikuona.
Upande wa kulia ni maji.
Mstari wa mkaa, na jina pia,
maana huku Kahe mafuriko hatuyahesabu kwa miaka,
tunayapa majina, kama ng'ombe.

Yale ya Yanga: unga wa njano wa msaada,
ugali wa njano, uji wa njano,
tukachukia hata maboga.
Yale ya Daraja, yaliyomletea Tumsifu nguzo ya chuma
hadi katikati ya migomba. Mpaka leo
anafungia mbuzi.
Yale ya Mchana.

Ya Mchana ndiyo marefu. Yananifika kifuani.
Mvua haikunyesha kwetu. Huwa hainyeshi kwetu.
Hunyesha kule juu, kwa watu wenye mablanketi mazito,
nasi ndio tunaolowa.
Jua lilikuwa kali, nimeanika mpunga juu ya turubai,
nilipoona vyura wanapanda ngazi za kanisa.
Nikacheka. Naapa, nilicheka.

Kengele yetu ni wifi yangu Ndeanka.
Shamba lake la kahawa limepakana na mto Rau,
na mto ukibadili sauti hupiga simu:
"Unasaga," husema. Neno moja tu, "unasaga,"
maana mawe yanagongana huko chini ya maji
kama jiwe la kusagia,
nasi tuna muda wa saa nne, tukibahatika,
wa kufungua mbuzi na kupandisha magunia darini.
Siku ile umeme ulikatika Uru.
Simu yake ilikuwa kwa kinyozi, inangoja chaji.

Kushoto, chini, chini ya mikaa yote,
kuna chale yenye S.
Haikupanda tena.
Nikipaka chokaa naizunguka.

Kijana wa wilaya amekuja na kishikwambi.
Viatu vizuri. Akauliza kiwango cha hatari:
kikubwa, cha wastani, au kidogo?
Nikamleta mlangoni. Nikamwambia,
Anaeli ameyapita ya Mchana kwa vidole viwili.
Nakunda bado vidole vinne.
Andika hivyo.
Alitafuta pa kuandika vidole, hakupata.
Akasema viwanja vipo, kule kwenye mawe,
tuhame kabla ya masika.
Kule ndoo ya maji ni ya kununua.
Na hapa, maji yakisharudi kwao,
huacha tope jeusi, laini kama siagi,
na msimu huo kila bua la hindi hubeba pacha.
Yanalipa, haya maji. Yanalipa kila kitu
isipokuwa kile yalichochukua.

Sikumpa jibu. Nilimpa ndizi za njiani.

Jana wingu limekaa mlimani kutwa, halitikisiki.
Simu nimeiweka ndani ya bakuli la bati
ili ikilia, ilie kweli.
Nikamwita Nakunda kwenye mwimo, nikashika kisu.
Akanyanyua visigino.
"Shusha," nikamwambia. "Nimekuona."
Akashusha. Akafikiri.
"Lakini mama,
maji yakija, si nitasimama hivihivi?"